Ukuta wa Mwangini

Mwaka ule wa elfu mbili, ukame ulipokausha hata migomba ya mabondeni huku Kathiani, Wayua alikuwa na watoto wawili wakubwa nyumbani, na kila mmoja alimletea hofu ya aina yake. Binti, Mutanu, alikuja na maneno. Mwana, Mutuku, alikuja na upinde.

Maneno ya Mutanu yalitoka chuo kikuu. Wanafunzi walikuwa wamegoma, chuo kikafungwa, naye akarudi na sanduku la bati lenye vitabu vya siasa za dunia, vizito kama mawe ya kusagia. Alivipanga kwenye rafu ya vyombo, kando ya ile sufuria kubwa ya harusi na misiba, akawa anasoma mlangoni ameegemea gunia la kunde. Upinde wa Mutuku ulitoka darini. Ulikuwa wa babu yake, umekaa huko miaka na mikaka ukila moshi wa jikoni mpaka ukawa mweusi ti. Kijana aliushusha, akaupaka mafuta ya ng'ombe, akautia ugwe mpya, na tangu siku hiyo hakulala tena nyumbani. Alilala mtoni, juu ya jiwe, akilinda ukuta.

Ukuta wenyewe ulijengwa na watu wa milima miwili, Kwa Nthenge upande huu na Kyuluni upande ule. Katikati unapita Mwangini, mto ambao una maji mvua ikinyesha tu. Siku nyingine ni mchanga mtupu. Lakini ukijenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto, mchanga unajaa nyuma yake, na ndani ya mchanga maji yanajificha jua lisiyaone. Kiangazi kikija unachimba kwa bakuli, unangoja kidogo, maji matamu yanachuruzika. Waliujenga kwa mwethya, ile kazi ya pamoja ya Wakamba, wanaume wakipasua mawe, wanawake wakiyapokezana mkono kwa mkono, na filimbi na nyimbo tangu umande mpaka jua la utosi. Mtu wa mwethya haendi kazini kimya. Ukisikia nyimbo, unajua majembe yanakuja.

Wayua alizaliwa Kyuluni, akaolewa Kwa Nthenge. Mawe ya ukuta ule aliyabeba akiwa na ndugu zake upande wa kulia na mashemeji upande wa kushoto, na hakuna aliyeuliza yeye ni wa nani.

Kisha asubuhi moja ya mwezi wa sita watu walikuta alama za magurudumu ya lori mchangani, na shimo kubwa karibu na ukuta. Nani asiyejua mchanga wa Ukambani unavyotafutwa na wajenzi wa Nairobi? Na mchanga ukienda, maji yameenda. Kwa Nthenge wakasema, Kyuluni wameuza. Kyuluni wakasema, Kwa Nthenge wameuza. Chifu alikuwa amestaafu na mwingine hajateuliwa. Walipokwenda Machakos mjini kushtaki, waliambiwa wangoje. Wakarudi kungoja, na kungoja kwa mtu mwenye kiu si kungoja kwa mtu aliyeshiba.

Mwenyekiti wa upande wa Kwa Nthenge alikuwa Maundu, mzee aliyewahi kuwa mwanajeshi, mpaka siku hiyo akitembea kama amefungwa ubao mgongoni. Aliita mkutano katika darasa la nasari. Wazee walikalia vile viti vidogo vya watoto, magoti yakigusa videvu, lakini hakuna aliyecheka.

"Mwana wa Wayua," Maundu akaita. "Wewe unasoma mambo ya mataifa. Hebu simama. Mataifa yakigombania mpaka, yanafanyaje?"

Mutanu alisimama. Wayua aliona jinsi alivyovuta sketi chini na kulamba midomo.

"Wazee wangu, kwanza mjue kwamba dunia haina chifu," alisema. "Kila nchi ni bwana katika boma lake. Hakuna wa juu yake wa kuja kuamua. Kwa hivyo kila nchi inajilinda yenyewe."

"Hata sisi hatuna chifu!" sauti ikatoka nyuma, na hapo wakacheka.

"Ndiyo. Sasa wasomi wengi wanasema jirani akiona nguvu zako zinalingana na zake, hathubutu kuanza. Hiyo inaitwa mizani ya nguvu. Lakini mzee, hiyo ni nadharia moja tu, kuna wengine wana..."

"Moja inatosha kwa leo, mama," Maundu akasema, na uso wake ulikuwa umekunjuka kama mtu aliyeletewa kiti. "Mmesikia? Si mimi. Ni vitabu."

Mutindi, jirani, alimfinya Wayua kiunoni. "Wewe ulizaa waziri na ukanyamaza."

Wayua alifurahi siku ile, kwa nini tufiche. Mama gani hafurahi?

Kwa Nthenge wakaweka vijana wawili mtoni na tochi. Kyuluni wakaona tochi zinamulika kwao, wakaweka wao na pinde. Kwa Nthenge wakaona pinde; ndipo upinde wa darini uliposhuka. Wale wakaongeza watu. Hawa wakaongeza watu na kuwasha moto mkubwa uonekane. Wale wakaleta mbwa. Hawa wakatuma mtu upande wa Kithyoko, akarudi na sumu ya mishale imefungwa ndani ya maganda ya mhindi, nyeusi na nzito kama lami. Wanawake waliokuwa wakichota pamoja wakagawana muda, hawa asubuhi, wale jioni. Mwisho hata njia ya kuvukia ikafungwa kwa miiba, na aliyeolewa ng'ambo akawa kama ameolewa Ulaya.

Wayua alikuwa hajakanyaga Kyuluni tangu mwezi wa saba. Kule alikuwa na baba mdogo, Mutiso, aliyemlea tangu baba yake afariki, akamlipia hata karo ya shule mpaka darasa la saba. Mutiso ndiye alikuwa mwenyekiti wa upande ule. Kwa hivyo kila kitu kilichofanywa na Kyuluni, mbwa au moto, Kwa Nthenge walisema neno moja: Mutiso amepanga.

"Yule babu yenu," Maundu alimwambia Mutuku, "kichwa chake kinazunguka kama kinu. Mwangalie mikono yake siku zote."

Lakini hakuna aliyekuwa amemwona Mutiso, wala mikono yake.

Jioni moja Wayua alikuwa akichagua mawe kwenye muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, akipepeta ungo kidogo kidogo ili pumba zisimwingie machoni, Mutanu akafunga kitabu kwa kishindo.

"Mwaitu," alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita mama yake akiwa na jambo. "Nimefanya kitu kibaya."

"Umeunguza maharagwe?"

"Nimewapa nusu ya somo. Sikiliza. Watu wawili wanakutana njiani gizani. Kila mmoja ameshika panga kwa sababu anaogopa. Huyu anamwona yule na panga, anainua lake kidogo. Yule anaona limeinuliwa. Unaona? Hakuna aliyetoka nyumbani kwenda kuua. Ninachofanya ili nisiogope ndicho kinakuogopesha wewe. Wasomi wanaita mtanziko wa usalama. Nchi nzima zimechomana hivyo, na kila moja iliapa inajilinda tu."

Ungo ulisimama mikononi mwa Wayua. "Na wanatokaje hapo?"

"Mmoja aonyeshe nia yake. Lakini si kwa mdomo, mdomo ni wa bure, hata mwongo anao. Aonyeshe kwa kitu ambacho kinaweza kumuumiza. Arudishe watu wake nyuma kwanza. Ajiache wazi."

"Nani atakubali kujiacha wazi?"

"Hiyo ndiyo shida, mwaitu. Wote wanangoja mwenzao aanze."

Wayua alimfikiria mwanawe juu ya lile jiwe, na ile sumu ndani ya maganda. Sumu ile mtu akichanjwa nayo, hafiki kwa daktari. Akiua, atafungwa maisha au kuuawa kwa kisasi. Akiuawa, ni hivyo hivyo. Alitia mahindi sufuriani bila kumaliza kuyachagua, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. "Vaa viatu," alisema. "Twende kwa Maundu."

Maundu aliwapokea vizuri, akawapa viti, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Binti yangu, nia haionekani. Nguvu inaonekana. Mimi siwezi kupasua kifua cha Mutiso nichungulie. Naweza kuhesabu pinde zake tu."

"Lakini mzee, hata yeye anahesabu zako."

"Ahesabu. Si ndiyo mizani uliyotuambia?"

"Na niwaambie kitu," Maundu akaendelea, akishusha sauti. "Siku hizi Kyuluni hawawashi moto. Mbwa wameondolewa. Hakuna anayeimba, hakuna anayepiga kelele. Mlima mzima kimya. Mutiso ni wa rika langu, tulitahiriwa pamoja. Namjua. Akinyamaza hivyo, anataka kuruka. Watakuja kuuvunja ukuta ili tukose wote. Nimetoa amri: atakayeugusa ukuta kwa chuma, apigwe. Na Mutuku ndiye mwenye shabaha."

"Umemchagua mwanangu," Wayua alisema.

"Mungu ndiye aliyempa jicho, si mimi."

Walirudi nyumbani kwa njia ya chini. Usiku huo Wayua hakuvua hata kitambaa cha kichwa.

Kabla hakujapambazuka vizuri alipika uji wa wimbi, akaumimina kwenye chupa ya chai ile yenye maua, akafunga viazi vitamu katika kitambaa, akashuka mtoni na Mutanu. Ilikuwa desturi yake kuwapelekea walinzi uji. Siku hiyo alikuwa na nia nyingine, ya kumshika Mutuku mkono na kumrudisha nyumbani hata kama watu watamcheka.

Walimkuta juu ya jiwe lake, amejifunika blanketi, macho mekundu.

"Profesa!" alimtania dada yake. "Leo mizani inasemaje?"

"Inasema ushuke, ule, ukalale."

"Aiya, na nani atalinda maji yako ya kuoga?"

"Mutuku," Wayua alisema, "nimekuja kukuchukua."

Kijana aliacha kucheka. "Mwaitu, usinifanyie hivyo mbele ya watu." Kweli walikuwa wengi pale nyuma ya mawe, na Maundu mwenyewe katikati yao na koti lake la kijeshi lililochakaa kwenye viwiko. "Nikiondoka leo, nitaishi wapi kesho?"

Hajamaliza, filimbi ya mlinzi ikalia. Moja, fupi.

Ng'ambo, katika njia inayoshuka kutoka Kyuluni, wanaume walikuwa wanakuja. Walikuwa wamefuatana mmoja nyuma ya mwingine. Mwanga ulikuwa bado wa kijivu, lakini vyuma vilionekana mabegani: majembe, sururu, na punda wawili nyuma na magunia matupu. Hawakuimba. Hakuna filimbi, hakuna kikohozi. Wanaume wote hao wenye majembe, na kimya.

"Mnaona," Maundu alisema, na sauti yake haikuwa na furaha. "Mnaona. Mtu anayekwenda kulima haendi hivyo."

Na hapo ndipo kosa lilipokuwa, kosa ambalo mtu mgeni asingelifanya. Mgeni angeuliza tu, wale wanakwenda kufanya nini? Lakini watu wa Mwangini walikuwa na hakika. Majembe yenye nyimbo ni mwethya. Majembe kimya ni kaburi; na kaburi halichimbwi kabla kilio hakijasikika milima yote miwili, na habari haijaletwa na mtu mlango kwa mlango. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mababu. Kilio hakikusikika. Kwa hivyo hapakuwa na kaburi. Kwa hivyo walikuja kuvunja.

"Fungua," Maundu akamwambia Mutuku.

Mshale wa sumu hufungwa kichwani kwa kipande cha ngozi laini, sumu isikauke. Mtu haufungui ovyo. Ukiufungua, umeamua. Wayua aliona vidole vya mwanawe vikizungusha ile ngozi, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka cheusi kikaonekana.

"Mzee," Mutanu alisema kwa haraka, "bado hujajua wanataka nini. Hata kitabu kinasema, kwanza uulize kuna maana gani nyingine. Kitu kimoja kinaweza kuwa na maana mbili!"

"Maana gani nyingine? Nipe moja."

Mutanu alitazama ng'ambo. "Mwaitu," alinong'ona, "wale ni watu wenu. Waangalie wewe. Acha sura. Angalia wamebeba nini."

Wayua akaangalia. Sururu. Majembe. Karai. Pinde hakuziona kwa wale waliotangulia, ila juu kidogo, penye vichaka, kuna vichwa vilikuwa vinachungulia, na hao walikuwa na pinde bila shaka. Wa mbele alimtambua kwa mwendo, bega moja chini: Justus, mtoto wa kwanza wa baba mdogo Mutiso. Justus hakuwa na jembe. Alibeba ufito mrefu uliotolewa maganda, mweupe, ameulaza juu ya viganja viwili kama mtu anayebeba kitu cha kumwagika. Akafika mchangani, akainama, akaulaza chini taratibu. Aliyemfuata aliukwepa kwa mbali, hakuuruka. Aliyefuata naye akaukwepa.

Ufito ambao haurukwi. Ufito wa namna ile hukatwa kwa kipimo cha mtu aliyelala.

"Ni kaburi," alisema.

"Kilio kiko wapi?" Maundu akauliza.

"Sijui. Wamefuata mchanga wa kujengea kaburi."

"Mama Mutanu, rudi nyuma. Wanakaribia ukuta."

Walikuwa wanakaribia kweli. Mchanga ulio mzuri kwa saruji, ule usio na udongo, uko chini ya ukuta, mita chache tu. Mwenye sururu wa kwanza alisimama pale, akatema mate mikononi. Ugwe wa upinde wa Mutuku ulilia kidogo ukivutwa.

Wayua hakuamua. Watu humuuliza mpaka leo aliwaza nini, na yeye husema hakuwaza. Alijikuta tayari ameshatoka nyuma ya mawe, ndala moja imebaki huko, chupa ya uji bado kwapani, anashuka mchangani katikati kabisa ya mwanawe na yule mtu mwenye sururu.

"Mama, toka!" Mutuku alipiga kelele, na sauti yake ilikuwa ile ya utotoni. "Toka hapo!"

Ng'ambo waliona mtu anakuja mbio na kitu kinang'aa kwapani. Kutoka vichakani mshale ukaja. Haukumpata. Ulichoma mchanga karibu na mguu wake ule usio na ndala, ukabaki unatetemeka. Nyuma yake alisikia watu wake wakinguruma na vyuma vikigongana. Alisikia Mutanu analia, "Mutuku, usipige! Ukipiga umewathibitishia wanachoogopa! Ukipiga ndiyo itakuwa vita!"

Kama Wayua angegeuka nyuma, kijana angeona uso wake na hofu iliyomo, na angeachia. Hilo alilijua. Hakugeuka. Aliacha kukimbia. Aliweka chupa chini mchangani, polepole, akanyoosha mikono yote miwili mbali na mwili, vidole vimefunguka, akatembea. Mgongo wake ulikuwa kwa mshale mmoja na kifua chake kwa mingine.

"Justus," aliita. "Huo ufito ni wa nani?"

Justus alimtazama, akatazama vichaka.

"Justus, wa Mutiso. Mimi ndimi Wayua. Nimekubeba mgongoni. Huo ufito ni wa nani?"

"Rudi kwenu, dada," Justus alisema kwa sauti ya chini. "Tumekatazwa kusema."

"Nani amekukataza?"

"Kamati. Walisema mkijua hatuna mwenyekiti mtatuvamia." Mdomo wake ulianza kupinda. "Tumekatazwa hata kulia. Mama amefungiwa nyumbani na nguo mdomoni. Dada, ni baba. Tangu mwezi wa nane alikuwa hainuki kitandani. Amekwisha jana."

Basi yule aliyepanga mbwa, aliyepanga moto, aliyenyamaza ili aruke, muda wote huo alikuwa amelala akigeuzwa na mkewe kama mtoto.

Wayua alivua kitambaa cha kichwa. Akaweka mikono kichwani. Na akalia.

Si kulia kwa machozi. Ni kile kilio chenyewe cha Ukambani, kinachoanzia tumboni na kupanda, cha kupeleka habari. Kilipiga ukuta, kikapanda Kwa Nthenge, kikapanda Kyuluni. Kisha juu Kyuluni, katika nyumba fulani, mwanamke aliyekuwa amezuiwa akajibu, na sauti yake ilikuwa ya kutisha kwa jinsi ilivyokuwa imefungiwa. Halafu wa pili. Halafu nyuma, upande wa Kwa Nthenge, Mutindi jirani, ambaye hakujua hata nani amekufa, akajibu naye, kwa sababu kilio hakiulizi kibali. Milango ikaanza kufunguka milima yote miwili, na hakuna kamati ingeweza kuifunga.

Maundu alishuka mpaka ukingoni mwa mchanga. Hakuvuka.

"Mutiso?" aliuliza.

"Mutiso," Wayua alisema.

Mzee alisimama pale mikono imening'inia. "Walituficha," alisema. Baadaye tena, "Mimi na yeye tulikaa jandoni porini pamoja, na ananificha ugonjwa." Kisha kama mtu anayetafuta mahali pa kushika: "Na lori? Lori aliita nani, basi?"

"Sisi tulidhani ni nyinyi," Justus alisema.

Jambo hilo la lori mpaka leo halijulikani.

Maundu hakuwaambia vijana wake waondoke. Alisema tu wakae mahali walipo, wasipige mpaka aseme. Ng'ambo vichwa bado vilikuwa vichakani. Mwenye sururu alikuwa bado ameishika juu, hajui aishushe wapi. Mtu mmoja angejikwaa na yote yangeharibika.

Wayua akageuka sasa. "Mutuku," aliita. "Shuka. Babu yako anachimbiwa kaburi, na wewe ndiwe mjukuu mkubwa."

Wanaume wa Kwa Nthenge walimtazama kijana. Kushuka maana yake ni kuacha upinde, kuvuka mchanga, kupanda mlima wa watu ambao usiku mzima walikuwa wakimngoja na mishale yao. Mutanu alikuwa amekaa chini kando yake, amemshika kifundo cha mguu. Alimwachia.

Mutuku alirudisha ugwe polepole. Akatafuta ile ngozi iliyoanguka, akaanza kuuzungushia mshale kichwani, na vidole vilipita karibu na kile cheusi hata Maundu akageuza uso, kwa maana mtu akijichanja wakati huo amekwisha. Alichukua muda mrefu. Watu wote walingoja, wa huku na wa kule. Alipomaliza aliulaza upinde juu ya jiwe, na podo, na kisu cha kiunoni, akavua na koti ili waone hakuna kingine, akashuka na shati tu kwenye baridi ile.

Alisimama mbele ya Justus.

"Ni wewe ulikuwa juu ya lile jiwe," Justus alisema.

"Ni mimi, mjomba."

"Umenilenga wapi?"

"Hapa," Mutuku akajigusa chini ya shingo.

Justus alimtazama sana. Hakucheka, hakumpa mkono. Aliokota gunia tupu kwenye punda, akamtupia kifuani. "Jaza," alisema. "Punda wamechoka. Utabeba la kwako mwenyewe."

Kijana akapiga magoti akajaza kwa mikono, mchanga msafi wa chini ya ukuta, na mwenye sururu akashusha sururu yake kumfungulia tabaka gumu. Alipojitwika alipepesuka. Hakuna aliyemsaidia. Wakaanza kupanda, Justus mbele na ufito wake juu ya viganja, Mutuku nyuma yake ameinama, na vile vichaka vyenye pinde vikiwa pande zote za njia. Wayua alifuata. Hakutazama vichaka. Alishikilia macho yake kwenye shingo ya mwanawe, pale mchanga ulipokuwa ukivuja kutoka kona ya gunia na kushika jasho, na kila hatua aliyopanda alingoja sauti ya ugwe, na sauti haikuja, akapanda nyingine.